Baa ya Volcano, Baltimore Mashariki

Kanisa huacha daftari la ubatizo na picha za wachungaji ukutani. Baa huacha nini? Leo nimepita Ann Street, hapa Baltimore Mashariki, na kama nisingekuwa nimesoma kabla, nisingejua kwamba mtaa huu ulikuwa na Volcano, baa ya Walumbee.

Walumbee ni wenyeji wa asili wa Marekani, kwao ni Robeson County, North Carolina, kando ya mto Lumber. Baada ya Vita Kuu ya Pili walianza kupanda kuja Baltimore kutafuta kazi, safari ya kilomita 600 hivi. Wengi walikuwa wamechoka kulima tumbaku na pamba kwenye mashamba ya watu kwa kugawana mavuno. Na ubaguzi wa huko ulikuwa wa madaraja: Robeson ilikuwa na shule za Wazungu, za Weusi na za Wahindi, yaani wenyeji wa asili kama Walumbee, kila kundi na zake. Mjini wakapata kazi viwandani na kwenye ujenzi, wakapanga zile nyumba za matofali zilizobanana za Upper Fells Point na Washington Hill. Walijaa hadi wakawa wanapatania kwamba ndiyo hifadhi yao ya Wahindi, yaani ardhi ambayo serikali huwatengea wenyeji wa asili. Utani mkali huo, maana hata Robeson hawakuwahi kutengewa hifadhi.

Sasa kijana aliyeshuka na begi moja aanzie wapi? Kwa shangazi, bila shaka, na shangazi atamtaka kanisani Jumapili. Wabaptisti wa kwao hawana masihara na pombe. Lakini shangazi hajui ni msimamizi gani anatafuta watu Jumatatu, wala nani ana gari linaloshuka Robeson wikiendi hii lenye nafasi ya mtu mmoja. Habari za namna hiyo hukaa kaunta. Volcano ilikuwa na sifa ya vurugu, na simlaumu mama aliyemkataza mwanawe kukanyaga pale. Ila nashuku mama huyo alijua vizuri pa kumtuma mtu akamwite mumewe.

Mwaka 1968 jamii ilianzisha kituo chake, ambacho leo ni Baltimore American Indian Center, pale South Broadway. Kituo kina kumbukumbu zake, kanisa lina zake. Kisha mpango wa kuufanya mji upya ukabomoa sehemu kubwa ya mtaa, na waliokuwa wameinuka kidogo wakanunua nyumba Dundalk na kwingineko nje ya jiji.

Kilichonifurahisha ni kazi ya Ashley Minner, msanii na mtafiti, mwenyewe Mlumbee wa Baltimore. Alikaa na wazee, wakachora ramani ya mtaa kwa kumbukumbu zao, yeye akazilinganisha na nyaraka. Ingekuwa rahisi sana kwa wazee wale, watu wa kanisa, kuziruka baa wakabaki na makanisa na kituo. Hawakuruka. Volcano imo, sambamba na makanisa, maduka na migahawa. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko kwa kingine chochote, kwa sababu nina wajomba wawili watatu ambao ukichora ramani ya maisha yao bila baa, utabaki na karatasi nyeupe.