Siku moja ya fundi bomba Lubumbashi: gari la kulala lisilo na presha ya maji

Watu wengi wa mji huu wanadhani fundi bomba anakuja na spana, anafungua cha zamani, anafunga kipya, anachukua pesa. Naandika siku yangu ya jana ili muone saa zetu zinakwenda wapi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa Kamalondo, tangi la choo linavuja, kazi fupi. Saa tatu Katuba, robine ya lupango (koki ya maji ya uani) imekatika shingo. Mtaa ule maji huja usiku, akina mama wanaamka kujaza bidoni, kwa hiyo robine ikifa ni shida ya nyumba nyingi. Tuliifunga mpya, mimi na kijana ninayemfundisha kazi, tukapewa chai na mikate.

Saa nne na nusu patron mmoja akapiga simu. Ana gari la kulala, liko lupango lake njia ya Kipushi, maji ya bafu hayana nguvu, na saa tisa lazima aende shambani.

Gari lenyewe ni nyumba kamili: kitanda nyuma, jiko la gesi, sinki, bafu ya mtu mmoja, na tangi la maji la lita mia hivi chini ya kitanda. Alilinunua likiwa limetumika Afrika Kusini, likaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Nilifungua bafu: maji membamba kama uzi, yanakohoa, yanakatika, yanarudi.

"Pampu imekufa, fundi. Badilisha tuondoke."

Nikainua ubao, nikaiangalia pampu. Mpya kabisa. Fundi aliyenitangulia alishaibadilisha wiki iliyopita na maji yakabaki vilevile. Sasa patron anataka ya tatu.

"Papa, nipe muda niangalie kwanza."

"Uangalie nini tena? Maji si umeyaona?"

Nikamwuliza: ni dhaifu robine zote au moja? Ya baridi au ya moto? Kwa pampu tu, au hata ukiunga mpira wa nje? Hakujua, na hakuna fundi aliyewahi kumwuliza. Nikafungua zote mwenyewe. Baridi dhaifu kila mahali, moto dhaifu zaidi. Robine moja ikisumbua peke yake, unaangalia mdomo wake. Zikisumbua zote, unarudi nyuma kule maji yanakoanzia.

Hata hivyo midomo niliifungua, maana ni kazi ya dakika chache. Vile vichujio vidogo vilijaa chembe nyeupe za chokaa. Maji ya foraji zetu hapa, visima vya kuchimba kwa mashine, yana chokaa nyingi, angalia tu ndani ya birika lako. Tukaviloweka kwenye siki. Sinki likapata nafuu kidogo, bafu hapana.

Patron akaleta mpira wa bustani, akauunga mwenyewe ubavuni mwa gari. Dhaifu vilevile. "Unaona? Basi mabomba yote ni mabovu, pasua."

Hapo nilimwomba aje tusimame chini ya tangi la lupango lake. Liko juu ya mnara wa vyuma, kama mita 4. Kimo cha mita 10 ndicho kinachotoa presha ya bari 1, kwa hiyo pale anapata bari 0.4, wakati pampu ndogo za namna ile nyingi hufika karibu bari 3 ndipo zinajikata, yaani zinajizima zenyewe. Mpira wake hauwezi kushuhudia chochote juu ya mabomba. Nikamchorea mchangani kwa kijiti. Akaangalia saa yake.

Kuanzia hapo sikumbuki vizuri ilikuwa saa ngapi. Mwezi wa kumi, mvua bado, bati la gari linachoma, nami nimelala ubavu chini ya kitanda. Nilipima umeme kwenye nyaya za pampu ikiwa inazunguka, kwa sababu ikiwa imelala hata waya mbovu unaonyesha namba nzuri. Volti 12 na kitu. Safi. Nikafunga robine zote nikasikiliza. Pampu haikujikata, iliendelea kulia, mara nzito, mara nyepesi. Sakafu kavu kila mahali. Basi maji hayatoki. Hewa ndiyo inaingia.

Nikavua bomba la kunyonyea, nikaweka kipande kifupi kutoka kwenye ndoo moja kwa moja hadi kwenye pampu. Bafu likapiga maji kwa nguvu hata kijana akaruka nje. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Kati ya tangi na pampu kulikuwa na kichujio chenye kikombe cha plastiki, nyuma ya ubao wa pili ambao fundi wa kwanza hakuufungua. Ndani: mchanga mwekundu, nyuzi za plastiki, na ile raba ya duara ya kifuniko imekauka, ina ufa mwembamba unaouona ukiikunja tu. Upande wa kunyonya, ufa haudondoshi maji nje, unavuta hewa ndani, kwa hiyo huoni unyevu wa kukuelekeza. Kijana akatumwa kutafuta raba, akarudi na kubwa mno, akatumwa tena. Patron anazunguka gari na simu sikioni: "Huyu fundi ananichelewesha." Alisema hivyo kwa kila aliyempigia.

Raba ikaingia, baridi ikakaa sawa, pampu ikajikata yenyewe. Moto bado. Tukazima hita, tukaiacha ipoe, tukatoa presha, tukafungua valvu yake ya kuzuia maji yasirudi. Chokaa iliikamata nusu imefunga.

Jua lilikuwa linashuka alipojaribu bafu kwa mkono wake. Akanyamaza, akafunga, akafungua tena. Kisha: "Lakini umebadilisha raba tu."

Ndiyo, raba tu. Pampu ya tatu angeilipa bila neno, na maji yangebaki uzi. Mimi nauza kule kutafuta, na kutafuta kumenila mchana mzima bila kula bukari, ugali wetu. Nilimwambia hivyo kwa heshima, sikushusha bei. Tulisimama pale muda mrefu. Mwishoni alilipa yote.

Kabla ya kuondoka nilimfanya afungue kile kichujio mwenyewe na kukifunga kwa vidole bila koleo, maana plastiki hupasuka. Akijaza maji mahali pageni, aanze kusafisha pale. Barabarani nikamkatia kijana sehemu yake. Kesho tuko Ruashi, tangi la juu halijai.