Umesoma

Nimejilaza tangu saa nne, sasa saa saba usiku inakaribia na macho makavu kama mchana. Acha niandike tu, labda litatoka.

Jumanne mwalimu wa historia ya sayansi alirudisha insha. Ndiye yule wa miwani inayoning'inia shingoni, anayeita majina bila kutazama orodha. Nilipofika mezani akanipa yangu, akasema, "Umeandika vizuri. Umesoma." Nikasema, "Asante." Akamwita anayefuata. Basi, habari yenyewe ndiyo hiyo, imeisha.

Haijaisha. Lile neno la mwisho, alilishusha kama mtu anayefunga mlango taratibu, au alilipandisha kidogo pale kwenye "so"? Angetia "je" mbele ningejua moja. Hakutia, na lugha yetu hii kwa hapo haina huruma: maneno ni yale yale, sauti ikishuka umesifiwa, ikipanda umeulizwa. Na kama niliulizwa, basi nilijibu "asante". Mtu anaulizwa kama kasoma, anashukuru! Hata mwizi aliyekamatwa dirishani hujitetea vizuri kuliko hivyo.

Usiku huo nilimwigizia mwenzangu wa chumba mara nane hivi, mara nikishusha, mara nikipandisha. Mnamjua alivyo. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akanikumbusha kwamba kesho yake kuna jaribio la mantiki, na kwamba swali halina ukweli wala uongo kwa hiyo halitatoka kwenye jaribio, nilale. Akalala yeye.

Jaribio nikalifanya, Dada akajifungua salama alfajiri ile ile (nimekuwa mama mdogo, jamani), Alhamisi nikawasilisha kwenye semina ya falsafa, fomu ya kuchagua somo kuu nikairudisha baada ya kuitembeza kwenye mkoba wiki tatu, na katika yote hayo kichwani mlikuwa na neno moja tu. Umesoma. Umesoma?

Kinachonichoma, na hili sikumwambia hata mwenzangu, ni kwamba sikusoma. Yaani nilisoma, ila si yote. Insha ilikuwa juu ya Kepler, mtaalamu wa nyota wa zamani, na sayari ya Mirihi. (Kwa wale mnaoniuliza kila mara mtu wa sanaa huria anatafuta nini kwenye nyota: falaki ilikuwa mojawapo ya zile sanaa saba za kale, pamoja na sarufi, mantiki, balagha, hesabu, jiometri na muziki. Nimeshaeleza, sielezi tena.) Kepler alikuwa na vipimo vya Tycho Brahe, mtazama nyota aliyemtangulia, vilivyochukuliwa kwa macho matupu kabla ya darubini, na hesabu aliyoijenga ya njia ya Mirihi ikakosana navyo kwa dakika 8 za tao. Digrii moja ina dakika 60. Mwezi mpevu, ukiutazama angani, una upana wa kama dakika 30, kwa hiyo kosa lenyewe ni robo ya mwezi na ushei. Mwingine angesema vipimo vina kasoro, akaenda zake. Tycho alikwisha kufa tangu 1601, asingekuja kulalamika. Kepler akaamua vipimo ndivyo sahihi, akaitupa hesabu yake mwenyewe, na mwisho wa safari hata njia ya duara ikatupwa, ikaingia duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo. Kitabu kikatoka 1609.

Nami nikaandika aya tamu kweli kuhusu uaminifu wa mtu mbele ya kosa dogo. Niliipamba ile aya. Niliisoma kwa sauti. Na zile kurasa ambamo jamaa anahesabu, pembe juu ya pembe, namba juu ya namba, nilizipitisha kwa kidole gumba kama mtoto anayetafuta picha.

Uaminifu mbele ya kosa dogo! Mimi!

Leo asubuhi kwenye darasa la kuchora tulipewa kiti tukichore bila kukichora: unachora nafasi tupu zilizo kati ya miguu, na kiti kinajitokeza chenyewe. Changu kilijitokeza na miguu mitatu. Nikaondoka nikiwa na mkaa mpaka viwikoni, nimenuna, nikaenda moja kwa moja maktaba na kukifungua kile kitabu pale pale nilipoanza kuruka.

Hesabu ni mbaya kuliko nilivyoogopa. Anachukua vipimo vinne, anakisia, anahesabu, haviingiani, anakisia upya. Nilishika penseli nikamfuata hatua mbili, ya tatu ikanishinda, nikarudi mwanzo, ikanishinda tena. Pembeni mwa ukurasa kuna alama nyeusi ya kidole gumba changu, mistari yote inaonekana, wa maktaba wanisamehe. Halafu katikati ya msitu ule wa namba, jamaa akasimama, akageuka, akaniangalia. Anamwambia msomaji kwamba ikiwa kazi hii inamchosha, basi amwonee huruma yeye aliyeirudia angalau mara 70.

Mara sabini! Nilicheka kwa sauti mpaka mtu wa meza ya pili akainua kichwa. Miaka mia nne na zaidi iliyopita mtu huyu alijua kabisa kwamba nitakuja, na kidole gumba changu.

Sikumbuki lini nilifurahi namna hiyo nikiwa nimekaa na kitabu. Nilisahau Jumanne. Nilisahau hata njaa. Ile aya tamu nimeifuta kwenye nakala yangu, ingawa alama zimeshatolewa na hakuna atakayeisoma tena, nikaandika nyingine fupi, kavu, yenye hesabu mbili ndani yake. Moja nimeikosea na ninajua ni ipi.

Jioni nikishuka ngazi za maktaba nikakutana naye uso kwa uso, yeye anapanda, miwani kifuani. Nilikuwa na sentensi nimeiandaa tangu Jumatano, ndefu, ya heshima, ina samahani ndani na maelezo. Kwanza nimwamkie. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nimesoma."

Akasema, "Marahaba," akaendelea kupanda huku anapapasa mfuko akitafuta funguo.

Nimemsimulia mwenzangu, amecheka hadi akateremka kitandani. Sasa amelala tena, mimi hapa.

Na jino la juu kushoto limeanza, lile la mwaka jana. Haliumi hasa, linabisha tu kila nikinywa maji ya baridi, halafu linanyamaza kama linasikiliza. Tangu mchana natafunia upande wa pili. Jumatatu kwaya tunaanza sehemu za sauti ya juu, zile za kuachama mdomo wote.