Siku moja maishani mwangu: asubuhi mbu, usiku jarida

Mimi ni mtafiti wa mbu. Saa 10:45 alfajiri nishaamka, nakamata pikipiki kutoka Ifakara navuka daraja la Kilombero naingia Ulanga, maana mitego ya taa tuliyowasha jana saa 12 jioni pembeni ya vitanda inatakiwa kufungwa saa 12 asubuhi, ukichelewa sisimizi wanawamaliza mbu na data ya nyumba hiyo ndo basi tena.

Nyumba ya tatu namwamkia mama mwenye nyumba, ananiitikia marahaba halafu ananiuliza, "Mwanangu, wale mbu wa mwaka juzi mliwakuta na nini?" Nikamjibu bado tunaandika mama. Jibu langu mwenyewe limeniuma.

Saa 2 maabara, mbu kwenye friza, kisha nawachambua, kuleksi (wasioeneza malaria) huku, anofelesi (jamii inayoeneza malaria) huku, walioshiba damu, wenye mayai.

Saa 5 narudi kwenye pepa yetu, yaani makala ya utafiti tuliyopeleka kwenye jarida la kisayansi. Mpitiaji wa pili, mmoja wa wataalamu wanaoikagua, ameuliza, mmeandika "funestus" (aina mojawapo ya anofelesi) kwa kuangalia hadubini tu, mna uhakika gani? Na jamani ana haki kabisa, kwenye kundi lile la mbu wanaofanana na funestus kuna pia aina za rivulorum na leesoni, kwa macho huwatofautishi, ila funestus ndo anayefuata damu ya mtu na kulala ndani ya nyumba, rivulorum yeye anapenda zaidi mifugo, sasa ukiwachanganya unapeleka dawa kwa mbu asiyehusika. Ndo maana wiki mbili hizi narudia PCR, kipimo cha vinasaba, mguu mmoja mmoja wa mbu tuliowahifadhi kwenye silika, zile chembe za kukausha.

Saa 8 jeli ya mwisho, ile inayoonyesha vipande vya vinasaba kama mistari, inatoka. Kwa urefu wa kipande, mstari wa funestus unakaa 505, rivulorum 411, leesoni 146. Karibu wote 505!! Wachache 411, na wengine hawakutoa mstari wowote. Mwenzangu akashauri hao tusiwataje, tukabishana mpaka chai ikapoa, nikasema wanaingia kwenye jedwali kama walivyo, mbu aliyekamatwa chumbani kwa mtu humfichi kisa kakataa kusomeka.

Saa 11 narekebisha jedwali, najibu hoja moja moja, naongeza kwenye shukrani vijana wa kijijini wanaotega usiku, yaani bila wao hakuna pepa.

Saa 3:20 usiku nimetuma. Badala ya kulala nimefungua ukurasa mwingine, wa Kiswahili, wa kupeleka kijijini Jumatatu hata kama jarida halijajibu. Nimeanza hivi: Mama, mbu wa chumbani kwako wengi ni funestus.