Siku yangu moja na mbung'o wangu, Tanga

Saa 11 alfajiri. Simu inaita, siyo alamu, ni mlinzi wa zamu. "Dada, umeme umekata tangu saa tisa na nusu." Usingizi ukaishia hapo hapo. Wengine umeme ukikata wanalia na feni na samaki wa kwenye friza, mie nawaza maelfu ya nzi wajawazito kwenye chumba ambacho kinatakiwa kikae nyuzi 24, 25 basi.

Ndiyo, umesoma sawa, nzi. Nafuga mbung'o, ndorobo kwa wengine, wale wanaong'ata ng'ombe wanawaachia ugonjwa wa nagana na watu wanawaachia malale. Huu mwaka wa kumi na moja. Mama mkwe mpaka leo akiulizwa anasema mkwe wangu yuko "maabara" halafu anabadilisha mada haraka.

Saa 12 na nusu. Baiskeli, Makorora mpaka kazini, bila chai. Nikafika nikakuta kipimajoto kinasoma 28. Jenereta tunalo tena kubwa la maana, lilikuja na mradi, mradi ukaisha wafadhili wakaaga kwa keki na picha ya pamoja, jenereta likabaki halina wa kulinywesha. Na OC, zile fedha za serikali za matumizi ya ofisi, haijaingia. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi ya umma anaijua hiyo sentensi, unaambiwa kama unavyoambiwa leo kuna mawingu.

Saa 1 na nusu. Tunachanga. Mie elfu kumi, mwenzangu anayeshughulikia damu elfu kumi, dokta ishirini, mlinzi akatoa elfu mbili tukamrudishia akagoma kuipokea. Kijana akapanda bodaboda na dumu kwenda kufuata dizeli, sie huku tunalowanisha magunia tunatandaza sakafuni na khanga zetu tunaning'iniza mlangoni, yaani ungepita ungedhani kuna mwali anafundwa humo ndani.

Saa 3 kasoro jenereta likakubali, saa 3 kamili umeme ukarudi. Si ndo zao.

Saa 4. Kulisha, na hapa ndo pananifanya nisiache hii kazi. Damu ni ya ng'ombe, tunaifuata machinjioni ikiwa ya moto, unaikoroga pale pale isigande, inapoa, inagandishwa kwenye friza, inapimwa kama ina bakteria, ikifaulu ndo inayeyushwa inamwagwa kwenye sahani ya moto wa mwili. Juu yake unatandika utando wa silikoni, juu ya utando unaweka vizimba vya wavu. Subiri kidogo. Mmoja anashusha mdomo, anatoboa, anajua amepata mgongo wa ng'ombe. Kisha wote. Tumbo lililokuwa bapa kama ganda la ufuta linajaa jekundu mpaka linang'aa kama punje ya komamanga, na anakuwa mzito hata kuruka anaruka kama mtu aliyetoka kwenye pilau ya harusi.

Sasa jambo ambalo watu hawalijui, mbung'o hatagi mayai. Anabeba mtoto mmoja tu tumboni, anamnyonyesha humo humo kwa maziwa yake, na baada ya siku tisa kumi hivi anazaa buu moja jeupe lililonona karibu sawa na mama yake, lina vifundo viwili vyeusi nyuma. Buu linajichimbia, ndani ya muda mfupi linakuwa gumu la kahawia, ndo pupa, na linakaa hivyo kama mwezi kabla nzi hajatoka. Mbu akifa leo wenzake wana mayai mamia kesho, mbung'o hana huo ujanja. Ukipoteza nusu ya koloni, yaani kundi zima tunalolifuga, leo, huirudishi mwezi ujao wala ule mwingine.

Saa 7 mchana, kwa mama ntilie, ugali na changu wa kukaanga. Kijana wa bajaji anayetujua akaanza, "dada, kweli kodi zetu zinanunulia nzi chakula?" Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikamuuliza, Unguja umewahi kusikia mbung'o? Akasema hapana. Basi walikuwepo, aina moja, na waliokwenda kuwamaliza walifugwa hapa hapa Tanga. Madume yalipigwa mionzi yakawa tasa, yakapakiwa kwenye vijiboksi, yakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994 mpaka 1997, zaidi ya milioni 8. Jike la mbung'o kwa kawaida likishapandwa mara moja halina haja tena, kwa hiyo likimpata tasa ndo basi, halizai. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Serikali iliweka mkono, shirika la nguvu za atomiki la kimataifa likaweka mkono, na mtu fulani kama mie alikuwa anaamka alfajiri kukoroga damu.

Akasema sawa, lakini si wangepewa wafanyabiashara? Nikamwambia mwanangu, hii ni bidhaa ambayo ikifanya kazi vizuri mteja anakwisha. Nani atafungua duka la hivyo? Mwenye ng'ombe wawili Pangani hanunui madume tasa laki moja, na hata akinunua nzi wa jirani watakuja tu, nzi haombi ruhusa kwenye mpaka wa shamba. Ama tunalipa wote ama hakuna anayelipa.

"Hospitali nako dawa hakuna," akasema. Hapo alinibana, sikatai. Nilinyamaza nikachambua samaki wangu. Jibu lilinijia niko njiani narudi kama kawaida ya majibu mazuri, kwamba mjomba wangu kila msimu anauza mbuzi anunue sindano za ng'ombe, mwakani tena, mwaka wa kesho kutwa tena, na hiyo nayo ni kodi ila haina risiti.

Na wafadhili nawashukuru sana ila fedha ya mtu ni fedha ya mtu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada siku 90 miradi ya afya nchi kibao ilisimama kwa tangazo moja. Wakubwa wa Afrika walikubaliana tangu 2006 kule Khartoum kila nchi itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Mie hata siombi nyingi, naomba ije kwa wakati. Kidogo cha kila mwezi kinalisha koloni, mabilioni ya mwezi wa Juni, mwaka wa fedha ukiisha, yanakuta vizimba vitupu.

Saa 9. Nikavuta trei za chini nikijua nitakachokiona. Mbung'o akipata joto au njaa anatoa mimba. Mabuu madogo, malaini, hayajafikia hata nusu, yametupwa juu ya wavu, mengine bado yanajinyonganyonga. Nilihesabu 43, siku ya kawaida mawili matatu. Nikaandika kwenye daftari, safu ya maelezo nikaandika "joto", maana safu yenyewe ni nyembamba haitoshi kuandika yote.

Saa 11 jioni nyumbani. Kuosha, kupika, hesabu za mtoto za darasa la tano ambazo siku hizi zinanishinda.

Saa 2 usiku mjomba kapiga. Huyu huyu ambaye Idi iliyopita alisema mbele ya ukoo mzima kwamba kulisha nzi ni laana. Salamu ndefu, hali ya hewa, ng'ombe wake mmoja kakonda manyoya yamesimama, kisha, "eti mwanangu, ile mitego yenu ya kitambaa cha bluu, siwezi kupata hata mitatu? Ya bure lakini." Nikasema shikamoo mjomba, kwa mara ya pili, akaelewa akacheka.

Saa 4 nikampigia mlinzi. "Umeme upo, dada. Nyuzi 24 na nusu. Lala."