Daftari langu la njaa: nilipofika mpaka sasa

Napunguza uzito kwa kuandika daftari la njaa badala ya kujinyima, na utaratibu haujabadilika tangu nianze. Kabla ya kula naandika saa, kiwango cha njaa kuanzia 0 hadi 10, njaa naisikia wapi, na muda mfupi uliopita nilikuwa nafanya nini. Nikimaliza naandika kiwango cha shibe. Sihesabu kalori, wala hakuna chakula nilichojipiga marufuku. Kwenye mizani napanda mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, kwa sababu maji na chumvi tu vinaweza kusogeza uzito kilo nzima kati ya leo na kesho, na hayo si mafuta.

Mistari miwili ya siku moja:

"Saa 7 mchana. Njaa 7. Tumbo linanguruma, mwili umelegea. Hata maharage ya jana yatanifaa."

"Saa 10 jioni. Njaa 6. Tumbo kimya. Nataka kitu kitamu, si kingine. Nimetoka kwenye kikao kirefu."

Namba zinakaribiana, lakini njaa si ile ile. Ya kwanza inapokea chochote, ya pili inachagua. Tangu nilipoliona hilo, swali la maharage ya jana limekuwa kipimo changu. Kama ningeyala, basi nina njaa na nakula bila kujibishana na nafsi. Kama nisingeyala, mara nyingi ni uchovu, na kutembea kidogo kunatosha. Siku nyingine hakutoshi, nakula hicho kitamu na kukiandika kama kilivyo.

Jambo jingine lililojitokeza: njaa ina mawimbi. Kazi ikinishika saa saba, ile 7 hushuka hadi 4 au 5 kabla sijatia kitu mdomoni. Chanzo kimojawapo ni ghrelini, homoni inayotoka hasa tumboni, ambayo watafiti wa Japani Masayasu Kojima na Kenji Kangawa na wenzao waliitangaza mwaka 1999. Hupanda kuelekea muda ambao mwili umezoeshwa kula, na hushuka baada ya mlo. Ndiyo maana nimeshikilia saa zilezile za kula: njaa yenye ratiba na ninayoitarajia hainitishi.

Kuna swali naulizwa kila nikieleza mradi huu: si ungefunga tu, ukale kidogo sana, uzito ushuke haraka? Hapa nasimama imara. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, kwa miezi sita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini pia walianza kuwaza chakula mchana kutwa, kusoma vitabu vya mapishi na kulamba sahani. Walipoachiwa wale watakavyo, baadhi yao walikula mpaka matumbo yakauma na bado wakasema hawajatosheka. Hao walikuwa watu wenye msimamo na nidhamu. Kwa hiyo ninaposikia mtu aliyejinyima kisha akala kupita kiasi akiitwa mlafi, inaniuma. Mafuta ya mwilini hutoa leptini, homoni ambayo kundi la mtafiti Jeffrey Friedman lilitambua jeni yake mwaka 1994. Mafuta yakipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo unaamuru kula. Mwili unafanya kazi yake.

Basi mimi nashughulika na shibe. Kifungua kinywa cha mkate mweupe na chai ya sukari kinanifikisha 7 saa nne asubuhi. Mkate huohuo nikiula na mayai na maharage, napata 3 saa hiyohiyo. Protini na nyuzinyuzi ndizo zinazokaa. Mchana na jioni naanza na supu au mboga nyingi, zenye maji mengi na kalori chache, tumbo lipate ujazo kabla ya vyakula vizito.

Mwendo wa kula nao una uzito wake. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake nchini Marekani waliwalisha watu 20 vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili, na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine. Milo waliyowekewa mezani ilisawazishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula kiasi alichotaka. Kwenye vile vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kwa siku, na walikula haraka zaidi. Sasa naweka kijiko chini katikati ya mlo na kusubiri kidogo kabla ya kuongeza. Mara nyingi siongezi.

Uzito unashuka polepole, kuna wiki unagoma. Mikanda inaonyesha zaidi kuliko mizani.

Tahadhari moja kwa anayetaka kuiga: kama umewahi kuteswa na matatizo ya ulaji, au unatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari kwanza. Kuahirisha mlo ukiwa na insulini mwilini ni hatari.

Kinachofuata ni usiku. Kurasa za asubuhi baada ya kulala kidogo zina namba kubwa kuliko kawaida, na uchu wa vitamu huanza mapema. Naongeza safu ya saa za usingizi, na mlo wa jioni nitaula mapema zaidi ili nisilale tumbo likiwa zito.