Gari la Mtwapa, Machi 2010

Jana jioni binti yangu aliingia jikoni na simu mkononi, kiuno kinakwenda, "ale, ale, ale" imejaa nyumba nzima. Ameupata wimbo kwenye video za wenzake.

"Mama, mjomba anaujua huu?"

Kitunguu kilikuwa kinaanza kushika rangi. Nikamwambia mjomba wako ndiye aliyeufundisha mtaa mzima.

"Basi arudi anifundishe na mimi."

Nikapunguza moto.

Aliufundisha kweli. Jumapili ya tarehe 12 Julai 1998, saa nne usiku kwetu Mombasa, ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia. Ricky Martin, mwimbaji wa Puerto Rico, aliuimba pale Stade de France kabla ya Ufaransa kuifunga Brazil 3-0. Wengine wanakumbuka vichwa viwili vya Zidane. Mimi namkumbuka ndugu yangu, miaka kumi na miwili, kasimama juu ya mkeka wa jirani aliyekuwa na runinga, mabega na nyonga sawasawa na yule aliye kwenye kioo, kina mama wanampigia vigelegele. Baba mwenyewe aliinuka akamtunza shilingi kumi.

Kisha mtoto akakua. Mtoto akicheza hivyo husifiwa, kijana akicheza hivyohivyo huanza kusemwa. Akaacha. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwuliza kwa nini kaacha.

Mwaka 2010 alikuwa akikaa Mtwapa. Tarehe 12 Februari, siku ya Ijumaa, uvumi wa harusi ya wanaume wawili uliwatoa watu majumbani kwa mamia. Walikizingira kituo cha afya, wakawasaka watu na kuwapiga, polisi wakawabeba waliokuwa wakisakwa. Usiku ule ndugu yangu alikuja kwangu na mfuko mmoja wa nguo. Alikaa wiki mbili hatoki nje. Nilimpikia, nikamfulia, sikumwuliza neno.

Aliporudi kwake nikawa namtembelea. Ndivyo ilivyotokea kwamba asubuhi ya Jumanne, tarehe 30 Machi, tulipanda gari pamoja Mtwapa kwenda mjini, yeye dirishani, mimi kando yake. Tulipovuka daraja la Mtwapa redio ilikuwa kwenye matangazo ya biashara. Kufika Shanzu watangazaji wawili wakaanza: Ricky Martin kaandika kwenye tovuti yake kuwa yeye ni shoga, anajivunia, na anajiona amebarikiwa kuwa alivyo. Mmoja aliisoma barua kwa sauti ya kubana pua. Mwenzake anakata kwa kicheko.

Shoga. Neno tunaloitana wanawake wa pwani kwa mapenzi, shoga yangu njoo, shoga yangu umepotea wapi. Asubuhi ile lilitoka redioni kama mate.

Gari likalipuka. Makanga akapiga bati la mlango akisema afadhali aliuza kaseti zake mapema. Mzee aliyekuwa mbele yetu akageuka nyuma, anatafuta wa kucheka naye, macho yake yakaja kwetu. Nami nikacheka. Sikujilazimisha, kicheko kilinitoka chenyewe. Labda ilikuwa hofu, maana gari zima likicheka, asiyecheka ndiye anayetazamwa. Labda haikuwa hofu. Nimejiuliza miaka yote hii.

Kisha wakaupiga wimbo. Ndugu yangu alikuwa ameshika noti ya hamsini ya nauli, ameikunja mara mbili, mara nne, hadi ikawa ndogo kama ukucha. Wimbo ulipoingia, vidole vyake viwili vikaanza kupiga gotini. Taratibu, bila kukosea hata pigo moja, miaka kumi na miwili baada ya ule mkeka. Akavitazama kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akaleta mkono wa pili, akavifunika.

Tulipofika Bombolulu akasema, "Dada, nishushe hapa."

"Si tunakwenda mjini?"

"Nishushe tu."

Alipita mbele ya magoti yangu, akampa makanga ile noti iliyokunjwa. Gari likaondoka. Niliendelea nalo mpaka ng'ambo ya daraja la Nyali.

Mwaka uliofuata alisafiri. Yuko Canada. Tunaandikiana mambo ya mama, mambo ya ada, na kila mara ananitumia habari za Ricky Martin bila kuongeza neno. Desemba 2012 alinitumia habari za mkutano wa Umoja wa Mataifa, New York, Ricky Martin akizungumza dhidi ya chuki kwa watu kama yeye, na Yvonne Chaka Chaka wetu, mwimbaji wa Afrika Kusini, naye yumo. Siku nyingine ikawa habari ya Barbara Walters, mtangazaji wa runinga wa Marekani, aliyembana Ricky Martin mbele ya kamera mwaka 2000 aseme yeye ni nani, na miaka kumi baadaye akakiri kwamba haikufaa kumwuliza vile.

Mei 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta kifungu kinachowafunga watu kama ndugu yangu hadi miaka 14. Hakuandika kitu. Julai ikaja picha: Ricky Martin juu ya lori, San Juan, bendera ya upinde wa mvua mkononi, umati wa waandamanaji umejaza barabara. Gavana wa Puerto Rico na watu wake walikuwa wakiandikiana ujumbe faraghani, humo mmoja wao akamfanyia dhihaka kwa kuwapenda wanaume. Kurasa karibu 900 zikavuja. Gavana akaondoka Agosti 2. Niliitazama picha ile muda mrefu. Na wale walidhani wanacheka wao kwa wao.

Jana, binti alipolala, nilimtumia mjomba wake video akicheza pale jikoni. Alijibu kwa sauti, anacheka, anasema mtoto anawahi kuzungusha, asubiri ngoma ya pili. Nikaandika: "Nakumbuka Bombolulu. Nilicheka. Nisamehe." Nikaituma kabla sijaifuta.

Alama mbili zikawa za buluu. Akaandika, akaacha, akaandika tena.

"Bombolulu kulikuwa na nini, dada?"

Hadi sasa sijamjibu. Sijui kama amesahau, au kama ananifunika na mimi, kama alivyovifunika vile vidole.