Siku moja maishani mwangu: kumtafutia rangi mama wa kwenye boksi la sabuni

Saa 11:30 alfajiri

Kimara, Dar es Salaam. Sijanawa hata uso, kompyuta iko mapajani. Tabia mbaya, najua, lakini umeme wa huku kwetu ukiwepo unautumia kwanza, mswaki utafuata.

Kwenye skrini kuna mwanamke wa miaka hamsini hivi. Amejifunga kanga kichwani, shavu la kushoto lina kishimo, anatazama pembeni kama mtu aliyeitwa jina lake akiwa sokoni. Nimemchora kwa siku nne. Atakaa kwenye boksi la sabuni ya mwarobaini na mafuta ya nazi inayotengenezwa na kikundi cha akina mama wa Manzese. Boksi limekwisha: herufi, pindo, maelezo ya viambato, mahali pa nembo ya TBS, shirika la viwango, watakapoipata. Kilichobaki ni jina la chini ya picha na rangi ya ngozi yake, na leo ndiyo siku ya kuchapa.

Asiyefanya kazi hii ataona nachezea muda. Kahawia si kahawia tu? Kwenye skrini rangi ni mwanga, kila uso unapendeza. Kwenye karatasi ni wino wa aina nne, sayani (bluu ya maji), majenta (waridi iliyokoza), njano na nyeusi, unaodondoshwa kwa vidoti vidogo vinavyokaa jirani. Ngozi yetu inahitaji njano na majenta ya kutosha, nyeusi kiasi, na sayani kwa kubania. Sayani ikizidi kidogo tu, mtu mzima mwenye afya anageuka kijivu, au ukijani wa mgonjwa. Umeshaona mabango ya namna hiyo. Ulidhani mchoraji hajui kuchora.

Saa 1:10 asubuhi

Basi la mwendokasi, nimesimama tangu Kimara. Nina mchezo wangu wa kupitisha muda: naangalia mikono iliyoshika mabomba ya juu na kuipa namba. Huyu sayani asilimia kumi na tano. Yule wa shati la bluu, thelathini. Kwa maneno ya nyumbani tungesema mweusi tii, maji ya kunde, mweupe wa kawaida, basi. Mtu mmoja alinikazia macho jana akidhani nakagua saa yake.

Saa 2:20 asubuhi

Ofisi yangu ni chumba kimoja Magomeni, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Meza mbili, feni, na jirani anayejaribu injini hapo chini kila nikipokea simu ya mteja.

La kwanza leo ni msimbomilia, yaani barcode. Akina mama waliomba ile mistari iwe nyekundu, iendane na pindo la boksi. Niliwaonyesha kwa nini haiwezekani: mashine nyingi za dukani husoma kwa mwanga mwekundu, kwa hiyo mstari mwekundu kwazo ni sawa na karatasi nyeupe. Hazioni kitu. Sabuni ingefika kaunta ya supamaketi na kugoma kuuzika. Nimeiacha nyeusi juu ya nyeupe, namba zinaanza na 620 kama bidhaa nyingi zilizosajiliwa hapa nchini, na pembeni nimeacha uwazi mweupe ambao kila mteja huniuliza kwa nini nisiujaze maua.

Saa 3:45 asubuhi

Simu. Sauti ya kiume, ya upole, yenye haraka ya mtu wa Kariakoo.

"Dada yangu, nimeelekezwa kwako. Nina losheni, nataka lebo. Picha ya dada, kabla na baada. Kushoto mweusi, kulia amekuwa mweupe. Kesho kutwa nachapa."

Nikamuuliza ndani kuna nini. Akasema ni ya asili. Nikamwomba anipigie picha kopo la mzigo lenye orodha ya viambato. Akacheka, akasema mambo ya viambato ni ya watu wa viambato, mimi kazi yangu ni picha. Akataja milioni moja na nusu, nusu leo.

Nitakuwa mkweli. Kodi ya chumba hiki inaisha mwezi huu, na akina mama wa Manzese wananilipa laki tatu na nusu kwa mafungu matatu, la pili bado. Nilikaa kimya kwenye simu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Mkorogo hauhitaji kuelezwa kwa mtu wa mjini hapa. Kila mtaa una dada ambaye vidole vyake vimebaki na weusi kwenye viungo huku uso ukiwa mwekundu. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku, na tangu 2019 kazi ya kuvikagua iko TBS. Lakini sheria inakamata kopo. Ile picha ya kabla na baada hakuna anayeikamata, nayo ndiyo inayouza.

Nilimwambia siifanyi. Hakukasirika. "Sawa dada, kila mtu na riziki yake," akakata. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Saa 5:00 asubuhi

Manzese. Kikundi kinakutana kwenye ua wa mmoja wao, chini ya mwembe, sabuni zimepangwa kwenye mbao zikikauka. Harufu ya mwarobaini inakupokea kabla ya wenyeji.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba mwanangu. Umemleta mwenzetu?"

Wanamwita mwenzetu. Mwezi uliopita nilipokuja mara ya kwanza, kwenye boksi lao la zamani kulikuwa na Mzungu mwenye povu mabegani, picha iliyookotwa intaneti na kijana wa steshenari. Nikawauliza huyu ni nani. Mmoja akajibu, "Si mwenye sabuni?" Wote wakacheka, kisha wakanyamaza kidogo.

Leo nimekuja na kipande cha kadi chenye miraba kumi na miwili ya kahawia, imechapwa wiki iliyopita kwenye mashine ileile itakayochapa boksi. Mraba wa kwanza ni chai ya maziwa, wa kumi na mbili ni gome la mti lililolowa. Nikawaambia kila mmoja aweke mkono wake juu ya kadi na aseme ni namba ngapi.

Sikutegemea kilichotokea. Kila mama alichagua namba mbili au tatu chini ya mkono wake. Wa namba kumi akasema saba. Wa nane akasema tano. Wenzake wakawa wanamkatalia: "We! Tano? Tano ni mimi!" Ua mzima kicheko, mikono imebanana kwenye kadi moja, mpaka bibi mmoja mkubwa aliyekuwa amekaa kimya anakata sabuni kwa waya akanyoosha mkono wake uliojaa unga mweupe wa magadi, akauangalia, akasema, "Mimi leo ni moja."

Lakini suala lenyewe halikuwa la kucheka. Katibu wao alitaka mwenzetu awe maji ya kunde. "Mimi nasema kama muuzaji. Mteja akiona mweusi sana kwenye boksi anadhani sabuni haitakatishi." Alikuwa na hoja ya biashara na sikutaka kumfanya mjinga mbele ya wenzake. Mimi nina maoni yangu, wao ndio wanaolala na mzigo usiouzika. Mwenyekiti akauliza tu: "Sabuni hii anakoga nani?" Wakaanza kutaja wanunuzi wao mmoja mmoja, mama lishe wa Tip Top, makuli, wauza mitumba, na kila aliyetajwa nikaomba namba. Wengi waliangukia nane, tisa, kumi. Katibu akaandika tisa kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini mara mbili. Sijui ule mstari wa pili ulikuwa wa kukubali au wa kuweka ushahidi.

Jina ndilo lililotuchelewesha. Boksi nimelitengeneza kama kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, na chini ya picha nafasi ya jina. Sasa kanga bila jina ni kitambaa, kwa hiyo maneno yakaanza kumiminika, mengine ya mafumbo kwa majirani ambayo siwezi kuyaandika hapa. Wakaishia "Mcheza kwao hutunzwa." Nikahesabu herufi, zinatosha mstari mmoja.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage, tembele, soda. Nikiwa nakula nilimkumbuka Ken Garland, msanifu Mwingereza ambaye mwaka 1964 alichapisha London waraka wa kuwalalamikia wenzake wa fani kwamba vipaji vyao vinaishia kuuza chakula cha paka, dawa ya meno yenye mistari, sabuni ya kufulia na takataka nyingine, wakati kuna alama za barabarani na vitabu vya kufundishia vinavyosubiri. Waraka ule nauheshimu. Ila ningekuwa naye mezani ningemwambia sabuni aiondoe kwenye orodha. Mimi mwaka huu nimefanya bango la kampeni moja iliyolipwa vizuri, ambayo walitaka mtoto anayelia na kamasi, na nimefanya boksi la sabuni. Nikiulizwa lipi lilimheshimu mtu, sihitaji kufikiri.

Saa 8:40 mchana

Kariakoo, nyuma ya Msimbazi. Kiwanda cha uchapaji kiko chini, ngazi sita, joto la mashine na harufu ya mafuta ya taa. Plate nne, bati za kuchapia, moja kwa kila wino, tayari zimefungwa. Fundi ananifahamu, ananiita "dada wa vidoti" kwa sababu natembea na kioo changu cha kukuzia.

Shiti la kwanza linatoka. Uso wa kijivu.

"Si mbaya," anasema fundi.

"Kaka, huyu amefariki."

Anapunguza sayani. Shiti la pili, la tano, la kumi. Uso unaanza kupata damu, namba tisa inakaribia, lakini hapo pindo ambalo nililifanya bluu nzito kama ya kanga za zamani linapauka. Nikaelewa kosa, na kosa ni langu. Mashine hii hupeleka wino kwa njia zinazonyooka kutoka mwanzo wa shiti hadi mwisho. Nilivyopanga maboksi kwenye shiti, pindo na uso vimekaa kwenye njia moja. Ukilinywesha pindo sayani, uso nao unakunywa. Ukiunyima uso, pindo nalo linabaki na kiu. Ningelipanga boksi likiwa limelala, tusingekuwa na kesi. Kutengeneza plate upya ni pesa ya kikundi na siku mbili.

Wakati fundi anasubiri huku anajifuta mikono, niliwaza zile kadi za Shirley. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak iliwapelekea wasafishaji picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu ili wapimie rangi: akitoka vizuri yeye, mashine iko sawa. Watu weusi kwenye picha hizohizo wakabaki macho na meno, na ilichukua miongo mpaka kadi zenye ngozi za aina mbalimbali zikatoka. Fundi wangu hana kadi ya Shirley. Lakini jicho lake limefunzwa na kalenda za miaka ishirini, na kalenda hizo zina sura zilezile. Nikampa kadi yangu ya miraba, nikamwambia akae nayo. Akaweka mkono wake juu yake bila kuambiwa. "Kumi na moja," akasema, akaitia mfukoni.

Nikampigia mwenyekiti Manzese. Nikamweleza: ama bluu ya pindo ipauke, ama uso uwe wa kijivu, ama tulipe plate nyingine. Nyuma yake nasikia waya ukikata sabuni.

"Kanga ikifuliwa si hupauka, mwanangu?"

"Hupauka mama."

"Basi pindo lipauke. Sisi tusipauke."

Fundi alisikia, maana simu yangu spika yake ni ya tarumbeta. Akarudisha sayani chini kabisa, akapandisha majenta kidogo, na shiti kama la ishirini na tano likatoka nikalibeba mpaka mlangoni kwenye mwanga wa jua. Kishimo cha shavu kilikuwepo. Kadi ya gramu 300 ilikuwa bado na ubaridi wa wino. Nikasaini pembeni, saa 10:05. Maboksi elfu mbili.

Saa 12:40 jioni

Foleni ya Gerezani. Siandiki.

Saa 3:30 usiku

Nimeoga kwa sabuni yenyewe, kipande kilichovunjika walichonipa. Nimeandika ankara ya fungu la pili, nimelifuta neno "haraka" mara mbili, nimeituma bila hilo neno.

Kisha ujumbe kutoka namba ya asubuhi. Hakuandika kitu, katuma picha tu: lebo ya losheni, imeshakamilika. Kuna mtu huko Kariakoo kaimaliza kwa siku moja. Kushoto dada mweusi kakunja uso, kulia huyohuyo, mweupe, anacheka. Nikaikuza nikitafuta kasoro ya kuniliwaza. Kijana amepanga vizuri. Nafasi kati ya herufi iko sawa, fonti ameichagua vizuri kuliko nilivyochagua mimi ya sabuni, na ngozi ya yule dada wa kushoto, ambaye anatakiwa aonekane vibaya, ameipatia kabisa. Namba tisa ileile.

Nimeiangalia mpaka luku ikaanza kulia.